Namna ya kusoma fasihi ya zamani ya Kiingereza, toka Caedmon mpaka Shakespeare, ukiwa na Kiswahili mdomoni

Huu mwongozo nimewaandikia wale walioko chuo mwaka wa kwanza au wa pili, wamechukua fasihi ya Kiingereza, wamepewa autilaini ya kozi wakakuta Beowulf, Chaucer, Gawain, Spenser, Marlowe, alafu Shakespeare, wakafungua ukurasa wa kwanza wakaona mbona hiki sio Kiingereza tulichofundishwa sekondari. Ni kweli, sio chenyewe. Ila kinasomeka, na kina raha yake kubwa tu, tatizo wengi wanakiingilia kwa mlango mgumu kuliko yote alafu wanakisoma kimyakimya usiku wa kuamkia mtihani na notisi za kuazima.

Kitu kimoja naomba ukishike kabla ya hatua yoyote: fasihi hii isome kwa sauti. Kwa sauti kabisa, mtu wa chumba cha pili akusikie. Sehemu kubwa ya mashairi ya Uingereza ya kabla ya mashine ya kuchapa yalitungwa yakasikilizwe, ukumbini kwa mfalme, kwenye nyumba za watawa, mitaani, sababu waliojua kusoma walikuwa wachache na kitabu kiliandikwa kwa mkono kwenye ngozi ya ndama au kondoo, hakikuwa kitu cha kila mtu kuwa nacho. Hata Shakespeare aliyekuja baada ya uchapaji alikuwa anaandikia midomo ya waigizaji. Ukisoma kimya unabaki unapambana na tahajia, na tahajia ndo inayokatisha watu tamaa.

Hatua ya 1: weka miaka mitano kichwani

Chukua karatasi, chora mstari mmoja mrefu, andika miaka mitano tu. 597, wamisionari kutoka Roma wanafika Kent, wanaleta dini na herufi za Kilatini, kuanzia hapo Kiingereza kinapata njia ya kuingia vitabuni. 1066, William wa Normandy anaiteka Uingereza. 1476, William Caxton anafungua karakana ya kuchapa vitabu Westminster. 1576, James Burbage anajenga The Theatre pale Shoreditch nje kidogo ya London, jengo lililowekwa makusudi kwa ajili ya maigizo. 1642, Bunge linafunga majumba ya maigizo. Kila mwandishi utakayekutana naye mtundike kwenye huo mstari, usianze kukariri tarehe za wafalme wote, hazitakusaidia.

Huo mwaka wa 1066 upe muda wa ziada. Baada ya hapo watawala walikuwa wanaongea Kifaransa, kanisa na wasomi wanaandika Kilatini, Kiingereza kikabaki lugha ya wakulima na watumishi, na hali hiyo ikaenda vizazi na vizazi. Mwaka 1362 ndo ikatoka sheria kwamba kesi mahakamani zisemwe kwa Kiingereza. Kufikia wakati huo lugha ilishabadilika sana, viambishi vingi vya mwisho wa maneno vimepukutika, maneno ya Kifaransa yameingia kwa maelfu. Ndo maana Chaucer wa miaka ya 1390 unaweza kumbahatisha lakini Beowulf huambulii hata mstari. Wanafunzi wengi wanadhani wao ndo wazito kumbe wametupiwa lugha mbili tofauti chini ya jina moja.

Hatua ya 2: kusanya vifaa, vyote ni vya bure

Hapa tupite haraka. Kwa Chaucer nenda kwenye tovuti ya Chaucer ya Chuo Kikuu cha Harvard, wameweka matini na chini ya kila mstari kuna tafsiri ya Kiingereza cha leo. Kamusi ya Kiingereza cha Kati ya Chuo Kikuu cha Michigan iko wazi mtandaoni, na ya Kiingereza cha Kale inaitwa Bosworth-Toller, nayo iko wazi. Matini nyingi za Zama za Kati ambazo hazipatikani dukani zimewekwa na mradi wa TEAMS wa Chuo Kikuu cha Rochester. Shakespeare yuko kwenye tovuti ya maktaba ya Folger, safi kabisa, namba za mistari zipo. Kwa kusikiliza kuna LibriVox. Vyote vinafunguka kwenye simu, kama bando ni tatizo daunlodi ukiwa chuo kwenye waifai alafu soma nyumbani.

Achana na mihtasari ya wiki ya mtihani. Inakupa hadithi tu, na hadithi ndo kitu cha mwisho ambacho mwalimu anataka umweleze, yeye anaijua.

Hatua ya 3: ingilia kwa Chaucer

Kozi nyingi zinaanza na Beowulf kwa kuwa ndo ya kale zaidi. Mi nakushauri ukiwa unajisomea mwenyewe anza katikati, anza na Geoffrey Chaucer, pata ujasiri, alafu urudi nyuma. Kama lekcha zimeanza na Beowulf hudhuria kama kawaida, ila jioni kwako soma Chaucer.

Alizaliwa London karibu na mwaka 1343, baba yake mfanyabiashara wa mvinyo. Akaenda vitani Ufaransa, akatekwa, na mwaka 1360 mfalme akachangia paundi 16 kwenye fidia ya kumkomboa. Akatumwa Italia, akafika Genoa na Florence, akarudi akapewa kazi ya kusimamia ushuru wa sufu bandarini London kuanzia 1374. Hayo sio ya kukariri, ni ya kukufanya uelewe kwa nini kwenye The Canterbury Tales, kitabu chake cha mahujaji wanaosimuliana hadithi njiani, kuna kila aina ya mtu, mpiganaji wa farasi, mtawa wa kike, mfanyabiashara mwenye madeni anayoyaficha, baharia, mpishi mwenye kidonda mguuni, msaga nafaka mlevi. Mtu aliyekaa forodhani miaka 12 watu amewaona.

Sasa utamshi, na hapa ndo tuna faida ambayo Mwingereza hana. Kabla ya mabadiliko makubwa ya vokali, yaliyoendelea toka karibu miaka ya 1400 mpaka 1700 hivi, vokali ndefu za Kiingereza zilikuwa karibu sana na za kwetu. Kwahiyo kwa Chaucer a, e, i, o, u zisome kama unasoma Kiswahili. "Name" ni na-me. "Time" ni ti-me. Ou isome u, kwahiyo "hous" ni hus. E ya mwisho wa neno itamke kidogo, ila iache kama neno linalofuata linaanza na vokali. Konsonanti hazifichwi, "knyght" sema k na n zote mbili, na ile gh ni jirani ya kh ya watu wa pwani wakisema kheri. Mwanafunzi wa London anatumia wiki nzima kuuachisha mdomo wake mazoea, we unaanza siku hiyohiyo. Jaribu mistari hii miwili inayofungua The Canterbury Tales:

Whan that Aprill with his shoures soote
The droghte of March hath perced to the roote

Shu-res so-te, ro-te. Unasikia vina? Maana yake mvua tamu za Aprili zimetoboa ukame wa Machi mpaka kwenye mizizi. Na kwa kuwa uchapaji ulianza kugandisha tahajia wakati sauti bado zinahama, ndo maana Kiingereza cha leo kinaandikwa hivi kinatamkwa vile, kwa Chaucer ulikuwa karibu unatamka kinachoonekana.

Fanya hivi. Mistari 18 ya mwanzo ikariri yote, nasema kariri kweli. Ni sentensi moja ndefu, inazunguka kwenye mvua, upepo, jua, ndege wasiolala usiku, na ukiisoma kwa macho unapotea njiani, ufunguo ni kutafuta mstari wa 12, pale watu wanapotamani kwenda hija, hapo ndo penye kiini cha sentensi na yote yaliyotangulia yalikuwa "wakati ambapo". Ukishaikariri mdomo wako umeshapata mapigo matano ya mstari na hutaulizwa tena mstari wa Chaucer unaendaje. Baada ya hapo soma utangulizi mzima, mistari 858, kidogokidogo, mhusika mmoja au wawili kwa siku, kwanza kwa sauti bila kuangalia tafsiri, alafu na tafsiri, alafu kwa sauti tena. Safari inaanzia nyumba ya wageni ya Tabard huko Southwark kwenda Canterbury kwenye kaburi la Thomas Becket, askofu mkuu aliyeuawa ndani ya kanisa lake mwaka 1170. Mwenye nyumba anapendekeza kila mtu asimulie hadithi mbili kwenda na mbili kurudi, Chaucer akaacha hadithi 24 tu na zingine hazijaisha.

Kati ya hizo 24 chagua nne: ya Msaga nafaka, utangulizi wa Mwanamke wa Bath aliyeolewa mara tano, ya Muuza misamaha (mtu wa kuuza vyeti vya kanisa vya kusamehewa dhambi), na ya Padri wa Masista yenye jogoo na mbweha. Ya Muuza misamaha ndo naipenda kuliko zote na ndo ya kuanza nayo. Walevi watatu wanatoka kwenda kumtafuta Kifo wamuue, wanaelekezwa chini ya mti, wanakuta dhahabu, na kabla jua halijachwa wote watatu wamekufa kwa tamaa, wawili wamemchoma kisu mwenzao na mwenzao kawawekea sumu kwenye mvinyo. Hadithi hii ina ndugu zake wa zamani mpaka India. Ila angalia nani anaisimulia: mtu ambaye ametoka kuwaambia wasafiri wenzake waziwazi kwamba anahubiri dhidi ya tamaa ili apate hela, na akimaliza anawageukia walewale anawaomba wanunue misamaha. Je, mahubiri ya kweli yakitoka kwenye mdomo mchafu bado ni ya kweli? Swali la insha ndo hilo.

Hatua ya 4: rudi nyuma, Kiingereza cha Kale

Hapa anza na tafsiri, hakuna aibu, na anza na vitu vifupi. Cha kwanza ni wimbo wa Caedmon, mistari tisa. Habari zake tumepewa na Bede, mtawa aliyemaliza historia yake ya kanisa la Waingereza mwaka 731. Anasema Caedmon alikuwa mchunga ng'ombe kwenye nyumba ya watawa ya Whitby iliyoongozwa na mama mkuu Hild, na kwenye karamu kinubi kikizungushwa kila mtu aimbe yeye alikuwa anainuka anatoka kabla hakijamfikia, sababu hajui kuimba. Usiku mmoja akalala zizini, akaota mtu anamwambia aimbe kuhusu uumbaji, akaamka na shairi. Ndo mshairi wa kwanza wa Kiingereza tunayemjua kwa jina, mchunga ng'ombe, na ona kwamba hadithi yenyewe inahusu mdomo na sikio, hakuna kalamu.

Kabla hujaendelea elewa shairi la kipindi hiki linajengwaje, maana sisi tumelelewa na mizani na vina, tunajua utenzi una mizani minane, na hapa hivo vyote weka pembeni kwanza. Kwa kawaida hakuna vina vya mwisho. Hakuna idadi maalum ya silabi. Mstari umekatwa vipande viwili, kila kipande kina mapigo mawili mazito, jumla manne, na vipande vinaunganishwa na sauti ya mwanzo ya maneno yenye uzito, mara nyingi mawili au matatu yanaanza na sauti ileile. Mfano ni mstari wa 218 wa Beowulf, unaohusu jahazi linaloondoka:

flota famiheals   fugle gelicost

F tatu. Chombo chenye shingo la povu, kama ndege hasa. Usome kwa sauti huku unapiga meza kwenye mapigo manne, utaelewa kuliko kurasa kumi za maelezo. Herufi mbili ngeni utakazokutana nazo, þ na ð, zisikutishe, ni th ya thelathini na dh ya dhahabu, waandishi wa wakati ule walizichanganya tu. Na zile tamathali zao za kuunganisha maneno mawili, bahari kuitwa njia ya nyangumi, mwili kuitwa nyumba ya mifupa, zikusanye kwenye ukurasa mmoja wa daftari, ni rahisi kuzitolea mfano kwenye mtihani.

Baada ya Caedmon nenda kwenye vitendawili vya Kitabu cha Exeter. Kitabu hiki askofu Leofric aliyefariki 1072 alikiacha kwenye kanisa kuu la Exeter na mpaka leo kiko pale, kurasa zake zina alama za visu kama walikatia vitu juu yake, na kurasa za mwisho zimeungua. Vitendawili viko zaidi ya 90 na kitabu hakitoi majibu. Kimojawapo kinasema mdudu alikula maneno ya mtu mwenye hekima na hakuwa na akili zaidi kwa kuyameza, jibu lake watu wanakubaliana ni funza wa vitabu. Kwa mtu aliyekua na "kitendawili, tega" hii ni sehemu ya kufurahi, wategee wenzako bwenini. Humohumo kuna The Wanderer, shairi la mtu aliyepoteza bwana wake na ndugu zake anapiga makasia kwenye bahari yenye barafu, ambalo kwangu ndo shairi zuri kuliko yote ya kipindi hiki, Beowulf ikiwemo.

Sasa Beowulf. Mistari 3182, nakala moja tu duniani, imeandikwa karibu na mwaka 1000. Mwaka 1731 nyumba iliyokuwa imehifadhi mkusanyiko ule wa miswada ikashika moto, nakala hiyo ikaokolewa ikiwa imebabuka kingo, na herufi zikaendelea kumeguka kwa miaka baadaye. Leo iko British Library. Chapisho kamili la kwanza likatoka 1815. Maana yake shairi ambalo leo kozi nyingi za fasihi ya Kiingereza zinaanza nalo, Chaucer hakuacha dalili ya kulijua, Shakespeare pia. Mwalimu akisema Beowulf ni baba wa fasihi ya Kiingereza kumbuka baba huyo alikuwa amefungiwa kabatini muda wote watoto wanakua.

Njia ya kuisoma: igawe kwa mapambano matatu, na zimwi Grendel, na mama yake Grendel, na joka miaka 50 baadaye Beowulf akiwa mfalme mzee. Majina ya watu wengine andika kwenye karatasi ya ukoo uiweke pembeni, usisimame kila jina. Zile hadithi za pembeni zinazokatiza safari, ugomvi wa koo, harusi iliyoishia kwenye damu, usiziruke, maana mshairi anakuonyesha kwamba mazimwi sio hatari pekee na ukumbi wa mfalme unaoitwa Heorot utakuja kuchomwa na watu wenyewe. Sehemu ya kusoma kwa sauti kwa lugha ya asili ni mazishi ya mfalme Scyld pale mwanzoni, maiti kwenye meli na hazina. Mwaka 1939 kule Sutton Hoo, Suffolk, walifukua umbo la meli nzima iliyozikwa na dhahabu na kofia ya chuma ya vita, vitu viko British Museum, picha zake angalia ukiwa unasoma. Kwa uhakiki soma mhadhara wa J. R. R. Tolkien wa mwaka 1936, ndo uliowabadilisha wasomi waache kulitumia shairi kama jalala la kuokotea historia waanze kulisoma kama shairi.

Hatua ya 5: majirani wa Chaucer

Wengi wakishamaliza Chaucer wanaruka mpaka Shakespeare, wanapoteza utamu mwingi. Sir Gawain and the Green Knight, mistari 2530, ilitungwa mwishoni mwa karne ya 14 na mtu tusiyemjua jina, kwa lahaja ya kaskazini magharibi, na ule mtindo wa takriri ya sauti za mwanzo umerudi kwa nguvu, alafu kila ubeti unafungwa na mistari mifupi yenye vina. Mgeni wa kijani kibichi anaingia karamuni anaomba akatwe kichwa, kinakatwa, anakiokota anaondoka nacho. Soma tafsiri alafu usome kwa sauti lugha ya asili pale Gawain anaposafiri peke yake kwenye baridi. Nayo ina nakala moja tu.

Wanawake usiwaache. Julian wa Norwich aliona maono mwaka 1373 akayaandikia kitabu, na ndo kitabu cha kwanza cha Kiingereza kilichobaki ambacho tunajua mwandishi ni mwanamke. Margery Kempe, aliyemtembelea Julian, alisimulia maisha yake yakaandikwa na wengine, kitabu kizima kikapotea mpaka 1934 kilipoonekana kwenye nyumba ya familia moja. Langland na shairi lake Piers Plowman soma utangulizi tu kwa kuanzia, ni mtu aliyeirudia kazi yake maisha yake yote ikabaki kwenye matoleo matatu.

Alafu maigizo ya mtaani. Mjini York, sikukuu ya kanisa ya Corpus Christi, vyama vya mafundi vilikuwa vinasukuma mabehewa mitaani toka alfajiri, kila chama na kipande chake cha Biblia, wajenzi wa meli wanaigiza kujengwa kwa safina, waokaji mikate wanachukua karamu ya mwisho, watengeneza misumari na pini wanamsulubisha Yesu. Hilo la kusulubiwa soma na wenzako wanne, gaweni sehemu. Askari wanalalamika kuhusu kazi, matundu ya misumari yametobolewa vibaya, kamba, uzito, wanaongea kama mafundi kazini, na aliyeko msalabani karibu muda wote kanyamaza. Ukisoma kimya unadhani ni utani. Ukisoma kwa sauti na watu wanne unanyamaza.

Hatua ya 6: Caxton na soneti

Mwaka 1485 Caxton akachapa Le Morte Darthur ya Thomas Malory, hadithi za Mfalme Arthur, iliyoandikwa na mtu aliyejiita mfungwa. Soma vitabu viwili vya mwisho tu, kuvunjika kwa meza ya duara, inatosha kwa kuanza. Jua tu kwamba toka hapa maandishi yanaanza kuishi nje ya mdomo wa msimulizi, na lile neno Renesansi, yaani kipindi cha kuamka upya kwa elimu na sanaa, kwa Uingereza linachelewa, Italia walishaanza zamani.

Soneti, shairi la mistari 14, ilitoka Italia kwa mshairi Petrarch. Thomas Wyatt, aliyefungwa Mnara wa London mwaka 1536 wakati malkia Anne Boleyn anauawa, na Earl wa Surrey aliyekatwa kichwa 1547, ndo walioileta. Mashairi yao yakachapwa na Richard Tottel mwaka 1557, na huyo akayapiga pasi ya Wyatt yapate mapigo laini. Zoezi zuri kuliko yote ya hatua hii: tafuta shairi moja la Wyatt kama lilivyo kwenye mswada na kama lilivyo kwa Tottel, yasome yote kwa sauti, sema lipi lina maumivu zaidi. Baada ya hapo chukua soneti ya Kiitaliano, mistari minane na sita, weka pembeni ya soneti ya Shakespeare, minne, minne, minne na miwili, uone hoja inageukia wapi. Shakespeare ana 154, zilichapwa 1609. Mshairi Philip Sidney ana mfululizo wa 108. Usisome zote, soma kumi vizuri.

Spenser na shairi lake refu The Faerie Queene: kitabu cha kwanza tu. Alipanga 12 akamaliza sita, na lugha yake aliizeesha makusudi, kwahiyo kama unaona ni ya zamani kuliko Shakespeare ujue alitaka hivo.

Biblia ipe jioni moja hata kama sio dini yako. William Tyndale alichapa Agano Jipya kwa Kiingereza mwaka 1526 huko Ujerumani, akauawa 1536, na maneno yake mengi yakaingia kwenye Biblia ya Mfalme James ya 1611, ambayo ukurasa wake wa mbele umeandikwa kwamba imewekwa isomwe makanisani. Kwa sikio tena.

Hatua ya 7: jukwaani

Anza na Doctor Faustus ya Marlowe, aliyezaliwa 1564 mwaka mmoja na Shakespeare akauawa kwa kisu Deptford 1593. Soma saa ya mwisho ya Faustus, saa inagonga na mistari inazidi kukatika. Kuna toleo la 1604 na la 1616, angalia lako ni lipi.

Kwa Shakespeare nashauri uanze na Julius Caesar, na sababu ninayo. Mswisi mmoja, Thomas Platter, aliandika kwamba aliona igizo la Kaisari London Septemba 1599, mwaka uleule jumba la maigizo la Globe lilipofunguliwa. Lakini halikuchapwa mpaka 1623, miaka saba baada ya mwandishi kufa, waigizaji wenzake Heminges na Condell walipokusanya tamthilia 36 kwenye kitabu kimoja kikubwa, ile Folio ya kwanza. Tamthilia 18 humo hazikuwa zimechapwa kabla, Macbeth na The Tempest zikiwemo. Kisha mwaka 1963 Mwalimu Nyerere akatoa tafsiri yake ya Kiswahili, akairekebisha, toleo la 1969 likaitwa Juliasi Kaizari, mwaka huohuo na Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi naye akatafsiri Makbeth na Tufani. Kwahiyo una bahati ya kusoma na tafsiri iliyoandikwa na mtu aliyekuwa anatawala nchi, kuhusu viongozi kuuana.

Nenda tendo la tatu onyesho la pili. Brutus, mmoja wa waliomuua Kaisari, anawahutubia wananchi kwa nathari, hoja zimepangwa, kila kitu kina akili. Antony anafuata kwa shairi lisilo na vina, mapigo matano, na ndani ya dakika chache mji unawaka. Simama, soma hotuba zote mbili kwa sauti kwa Kiingereza, alafu chukua Nyerere usome zote mbili kwa Kiswahili, uone mwenyewe amefanya nini na tofauti hiyo. Andika ukurasa mmoja. Ukitoka hapo nenda Macbeth, na kumbuka ilikuwa inaigizwa Globe mchana kweupe bila taa, wanawake wanaigizwa na wavulana, kwahiyo usiku wote ule wa mauaji umejengwa kwa maneno. Weka alama kila neno la giza kwenye tendo la pili, utaona kazi.

Hamlet iache mwisho. Ina matini tatu, ya 1603, ya 1604 hadi 1605 na ya Folio, na ile ya 1603 kwenye hotuba maarufu, baada ya maneno "kuwa au kutokuwa", inasema "I there's the point". Kila unaponukuu sema toleo gani unatumia, wasahihishaji wanaliangalia.

Hatua ya 8: kuandika insha

Chagua kipande cha mistari 12 mpaka 20. Kisome kwa sauti mara tatu. Weka alama pale ulipokwama, pale mdomo ulipobadilisha kasi, pale neno lilipojirudia, maana hoja yako iko kwenye moja ya sehemu hizo. Alafu jiulize nani anaongea, na nani, na nani mwingine anasikia. Maneno usiyoyajua utayatafuta kwenye kamusi bila kuambiwa, hatari ni yale unayodhani unayajua, "nice" kwa Chaucer ni mjinga au wa hovyo, ukiliacha na maana ya leo hoja nzima inaanguka. Nukuu namba za mistari, usinukuu kurasa, kila toleo lina kurasa zake. Usisimulie hadithi zaidi ya sentensi mbili.

Kwenye maswali ya kulinganisha vuka vipindi: hotuba ya Antony na mahubiri ya Muuza misamaha, wote wawili wanawashika watu kwa mdomo na wote wawili wanatuonyesha wanavyofanya. Au mazishi ya Scyld na mwisho wa Hamlet, nani anabaki kusimulia. Maswali ya namna hii ndo yanatoa alama za juu, na huwezi kuyaona kama umesoma kila kitabu peke yake.

Kama kozi yako inapita 1642 na kuingia Milton, Paradise Lost ya 1667 ni zaidi ya mistari elfu kumi, soma kitabu cha 1, cha 2 na cha 9. Alikuwa kipofu alipoitunga, akiwatajia wengine waandike, na sentensi zake ndefu zinaeleweka kwa pumzi. Someni kwa zamu na mwenzako, mmoja anasoma mwingine kafumba macho, alafu mnabadilishana.